Ugonjwa Wenye Jina la Kisiwa

Wazee wetu walisema kuwa dalili ya mvua ni mawingu. Kwa watu wa visiwani msemo huu haukuwa pambo la maneno. Nahodha aliyelidharau wingu jeusi hakurudi bandarini, na waliobaki pwani walijifunza kwa msiba wa mwenzao. Leo tunapenda kuzungumza juu ya wingu la namna nyingine, ambalo huonekana katika kiganja cha mtoto mchanga, na juu ya tufani ambayo huufikia moyo wake anapokuwa kijana. Baina ya wingu hilo na tufani yake hupita miaka mingi. Miaka hiyo ndiyo nafasi ya kumwokoa, na swali letu kwa wananchi na kwa viongozi ni moja tu: nafasi kama hiyo sisi twaitumiaje?

Habari yenyewe yaanzia mbali. Naxos ni kisiwa cha Ugiriki, kikubwa kuliko vyote katika funguvisiwa la Cyclades, lakini hakifikii hata nusu ya Pemba. Eneo lake ni kiasi cha kilomita 430 za mraba, na wakaazi wake ni kiasi cha watu 20,000. Ni kisiwa cha wakulima, wafugaji, wavuvi na wachonga marumaru, chenye vijiji vya milimani ambako kwa karne nyingi watu wameoana na majirani zao na jamaa zao. Hayo si ajabu kwa msomaji wa visiwani. Bahari huleta wageni na bidhaa, lakini pia huwazunguka watu kama ukuta, na ndani ya ukuta huo koo hurudi na kuoana tena.

Katika baadhi ya koo za Naxos walikuwako watu waliozaliwa na nywele za kipilipili zilizosokotana, tofauti kabisa na nywele za majirani zao. Watu hao hao walikuwa na ngozi nene yenye sugu katika viganja na nyayo. Kwa macho ya wengi, hizo zilikuwa alama za ukoo tu, kama pua au kimo. Madaktari wawili waliofanya kazi kisiwani humo, Nikos Protonotarios na Adalena Tsatsopoulou, walikataa kuishia katika ngozi. Walisikiliza na vifua. Mwaka 1986, wao na wenzao walitangaza katika jarida la Uingereza la maradhi ya moyo habari za wagonjwa 9 wa familia 4 za Naxos. Wote walikuwa na ngozi nene ya viganja na nyayo, na wengi wao walikuwa pia na moyo mgonjwa. Tangu hapo ugonjwa huo umeitwa kwa jina la kisiwa.

Hapa yafaa tueleze jinsi ugonjwa unavyofanya kazi, maana asiyeujua mwendo wa adui hawezi kumtegea. Mwili umejengwa kwa chembe hai nyingi zisizo na idadi, na chembe hizo hushikana kwa vifungo, kama mbao za jahazi zilivyoshikana kwa misumari. Katika ngozi na katika moyo vifungo hivyo vyapaswa kuwa imara kuliko kwingine, kwa kuwa viungo hivi viwili havipumziki: kiganja husuguliwa na kuvutwa, na moyo hujikaza na kujilegeza usiku na mchana. Moja ya vitu vinavyojenga vifungo hivyo ni protini iitwayo plakoglobini. Kwa wagonjwa wa Naxos, maagizo ya mwili ya kuitengeneza protini hiyo yana kosa: herufi mbili tu za urithi zimedondoka. Kosa hilo lilitambuliwa na kutangazwa mwaka 2000, baada ya madaktari wa Naxos kushirikiana na wataalamu wa London.

Matokeo yake huja kwa zamu. Mtoto huzaliwa na nywele hizo za kipilipili. Aanzapo kutumia mikono na miguu, kutambaa na kusimama, ngozi ya viganja na nyayo huanza kuwa nene. Moyo nao, ambao umekuwa ukipiga tangu tumboni, huchakaa kidogo kidogo. Chembe zake huachana, hufa, na mahali pake huingia mafuta na kovu, hasa katika chemba ya kulia. Mafuta na kovu havipitishi umeme wa moyo kama nyama nzima ipitishavyo. Hivyo, ifikapo balehe, mapigo huanza kuvurugika. Kijana huhisi moyo ukimwenda mbio bila sababu, au huzirai ghafla. Wengine huanguka mara moja tu, na hawainuki tena. Katika wagonjwa 26 waliofuatiliwa na madaktari hao kwa wastani wa miaka 10, vifo vilivyotokana na ugonjwa vilikuwa karibu watu 3 katika kila 100 kwa mwaka, na vingi vya vifo hivyo vilikuwa vya ghafla.

Msomaji na aangalie mpango huo. Ngozi husema kwanza, moyo husema mwisho. Aliyesikia neno la kwanza anayo miaka kumi au zaidi ya kujitayarisha. Aliyelipuuza hupata habari siku ya maziko.

Na kujitayarisha kwenyewe si ndoto. Kosa la urithi halijapata dawa ya kulifuta, lakini kifo cha ghafla chaweza kuzuiwa. Mgonjwa aliyegunduliwa mapema huepushwa na michezo ya mashindano na kazi za kukurupua moyo. Hupimwa mara kwa mara kwa mashine ya umeme wa moyo na kwa ile ya mawimbi ya sauti. Hupewa dawa za kutuliza mapigo, na anayeonekana kuwa katika hatari kubwa huwekewa chini ya ngozi ya kifua chombo kidogo kinachoulinda moyo, ambacho huushtua na kuurudisha katika mwendo wake pindi unapopotea. Moyo ukichoka kabisa, katika nchi zenye uwezo huo hubadilishwa. Kwa njia hizi wako watu waliozaliwa na ugonjwa wa Naxos ambao wameishi hadi utu uzima.

Sasa tuje katika urithi wenyewe, maana hapa ndipo penye maneno mengi na fahamu chache. Ugonjwa huu ni wa urithi uliojificha. Kila mtu ana nakala mbili za kila agizo la mwili, moja ya baba na moja ya mama. Mwenye nakala moja mbovu na moja nzima kwa kawaida haugui. Huishi, huoa, huzeeka, wala hajui kwamba amebeba kitu. Ni pale wabebaji wawili wanapokutana katika ndoa ndipo hatari inapotokea. Kwa kila mimba, nafasi ni moja katika nne kwamba mtoto atapata nakala mbili mbovu na kuugua, mbili katika nne kwamba atakuwa mbebaji kama wazazi wake, na moja katika nne kwamba atakuwa huru kabisa. Katika visiwa vya Ugiriki imekisiwa kuwa ugonjwa huu waweza kufikia mtu mmoja katika kila 1,000. Ikiwa ndivyo, hesabu ya elimu ya urithi hutuonyesha kuwa wabebaji wasioumwa ni karibu mtu mmoja katika kila 16. Basi ugonjwa waweza kuwa adimu, na mbegu yake ikawa imeenea.

Twatoa hesabu hii kwa makusudi. Katika mabaraza yetu mtoto akizaliwa na kasoro, ulimi wa kwanza huelekezwa kwa mama. Huulizwa alikula nini, alipita wapi usiku, ukoo wao una nini. Hesabu yasema vingine. Mtoto hawezi kuugua ugonjwa wa aina hii ila baba na mama wamempa sawasawa, na wote wawili wamempa bila kujua. Hakuna mwenye kosa. Mume anayemrudisha mke kwao kwa sababu ya mtoto mgonjwa amejihukumu mwenyewe nusu kwa nusu.

Pengine mtu atauliza: Naxos na sisi wapi na wapi? Swali ni la haki. Hatuandiki haya kwa kudai kuwa ugonjwa huu umeingia katika visiwa vyetu, wala hatutaki mama yeyote alale na hofu usiku wa leo. Twasema kwamba kanuni iliyouzaa haichagui bahari. Familia zenye ugonjwa huu zimepatikana pia katika visiwa vingine vya Aegean, na vilevile Uturuki, Israeli na Saudi Arabia. Ugonjwa ulio karibu nao, unaotokana na kifungo kingine cha chembe hizo hizo, umeelezwa katika familia za Ecuador na za India. Na sisi wenyewe tunaijua kanuni hii kwa machozi, maana selimundu, ambao wengi huuita siko seli, hurithiwa kwa njia ile ile ya nakala mbili, na Tanzania ni miongoni mwa nchi ambamo watoto wengi mno huzaliwa nao kila mwaka. Anayejua habari ya siko seli hahitaji kufundishwa upya habari ya Naxos. Jina tu ndilo geni.

Tena kuna jambo moja ambalo kwetu ni zito kuliko lilivyo Ugiriki. Kule, nywele za kipilipili huonekana mara moja, kwa kuwa watoto wengine hawanazo. Hapa petu nywele za kipilipili ni neema ya kawaida, na mtoto hunyolewa angali mchanga kabla hata hazijaangaliwa vizuri. Alama ya kwanza ya ugonjwa huu, basi, kwa watu wengi wa Afrika imefunikwa. Daktari wa kwetu anayesoma kitabu kilichoandikwa Ulaya na kungojea ashtuliwe na nywele, atangoja sana. Kwetu imebaki alama moja ya nje, nayo ni viganja na nyayo. Mvuvi ana sugu kwa sababu ya kamba, na mkulima kwa sababu ya jembe. Sugu hizo zina maelezo yake. Lakini mtoto wa mwaka mmoja hajavuta kamba wala kushika jembe. Sugu yake yadai maelezo mengine.

Hatusemi kuwa kila mwenye ngozi nene ana moyo mgonjwa. Ziko namna nyingi za ngozi nene ya kurithi, na nyingi kati yake haziugusi moyo kabisa. Hiyo ndiyo sababu ya kutaka apimwe: kipimo humtuliza asiye na ugonjwa, na humwahi aliye nao.

Kila mmoja wetu amepata kusikia habari ya kijana mzima aliyeanguka uwanjani, au aliyelala salama asiamke. Na kila mmoja amesikia yanayofuata. Wako wanaosema ni husuda ya mchezaji mwenzake, wako wanaosema ni jini la baharini, na wako wanaokumbuka kuwa ami yake naye alikufa vivyo hivyo, kisha wakakaa kimya. Hao wa mwisho ndio waliokaribia ukweli kuliko wote, na kimya chao ndicho kinachotuuma. Vifo viwili vya ghafla vya vijana katika ukoo mmoja ni habari ya tiba kabla ya kuwa habari ya mganga. Ajali ya Mungu haina budi kupokelewa kwa subira, lakini subira hiyo haimkatazi mtu kumpeleka nduguye marehemu akapimwe.

Wala moyo wa namna hii haumpati mwenye alama za ngozi peke yake. Upo ugonjwa wa jamii hiyo hiyo ambao hauonyeshi kitu nje. Mwezi wa Agosti 2007, Antonio Puerta, mchezaji wa Sevilla ya Hispania, alianguka uwanjani na baada ya siku chache akafariki akiwa na umri wa miaka 22. Chemba ya kulia ya moyo wake ilikuwa na maradhi ya aina hii. Kwa watu kama yeye, viganja havisemi, na hapana njia ila mashine. Italia ililifahamu jambo hilo mapema. Tangu mwaka 1982 sheria ya huko imemtaka kila mchezaji wa mashindano apimwe kabla ya kucheza, pamoja na kipimo cha umeme wa moyo. Utafiti uliofanywa katika mkoa wa Veneto na kutangazwa mwaka 2006 ulionyesha kuwa vifo vya ghafla vya wanamichezo vijana vilikuwa vimepungua kwa asilimia 89 katika kiasi cha robo karne. Wako wataalamu wa nchi nyingine wanaobishana juu ya gharama za mpango kama huo, na mabishano hayo ni ya haki. Lakini hakuna anayebisha kwamba kijana aliyekwisha kuzirai uwanjani, au ambaye nduguye amekufa ghafla, apaswa kupimwa kabla hajavaa tena viatu vya mpira.

Twajua jibu ambalo baadhi ya wakubwa watatupa. Watasema kuwa hospitali zina upungufu wa vitu vya lazima, kwamba kina mama bado wanakufa kwa uzazi, kwamba kisukari na shinikizo la damu vinawamaliza watu wazima, na kwamba si busara kuzungumzia ugonjwa wa wachache. Hoja hii twaiheshimu, lakini hatuikubali. Kukitazama kiganja cha mtoto hakuhitaji fedha za kigeni. Kuuliza, "Je, kuna kijana aliyekufa ghafla katika ukoo wenu?" hakuhitaji mfadhili. Na mashine ya umeme wa moyo inayomgundua kijana mmoja mwenye ugonjwa adimu ndiyo hiyo hiyo itakayowapima mamia ya wazee wenye shinikizo la damu. Fedha inayowekwa katika moyo haipotei.

Zaidi ya hayo, Naxos yenyewe yatufundisha juu ya heshima ya mahali padogo. Kabla ya mwaka 2000 chanzo cha maradhi ya moyo ya namna hii kilikuwa fumbo kwa mabingwa wa miji mikubwa. Funguo ya fumbo hilo ilitoka kisiwani, kwa madaktari waliokaa na watu wao, wakaandika nasaba za familia, na wakawafuatilia wagonjwa mwaka baada ya mwaka. Baada ya plakoglobini kujulikana, wataalamu wa kwingineko waligeukia vifungo vingine vya chembe, na mmoja baada ya mwingine wakaona makosa yake kwa wagonjwa wasio na alama zozote za ngozi. Kisiwa kidogo kikawa mwalimu wa mabara. Kilichohitajiwa ni daktari aliyekaa mahali pamoja, daftari lililotunzwa, na jicho lisilozoea.

Rai yetu kwa Serikali, basi, ni hii. Kwanza, Wizara ya Afya iwaelekeze wauguzi wa kliniki za mama na mtoto kwamba katika siku za kupima uzito na kuchanja, wamtazame mtoto viganja na nyayo, na mwenye ngozi nene isiyo na sababu aandikwe katika kadi yake na apelekwe kwa daktari. Pili, kila hospitali ya wilaya iwe na mashine ya umeme wa moyo inayofanya kazi, pamoja na mtu aliyefunzwa kuisoma. Mashine iliyofunikwa kitambaa kwa kukosa karatasi haimwokoi mtu. Tatu, uwekwe utaratibu wa rufaa ulio wazi hadi kwa mabingwa wa moyo. Dar es Salaam ipo Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa mwaka 2015, na mtoto wa kisiwani asishindwe kuifikia kwa sababu ya nauli ya boti. Nne, mwalimu wa michezo katika kila skuli afundishwe mambo mawili: mwanafunzi anayezirai wakati wa mazoezi harudishwi uwanjani kabla ya kupimwa, na anayeanguka asiyepumua abanwe kifua mara moja wakati msaada ukingojewa. Tano, vifo vya ghafla vya vijana viandikwe kwa shehia na kwa ukoo, kwa siri inayostahiki, ili vikitokea viwili katika nyumba moja, daktari ajue.

Na kwa wananchi wenzetu tuna neno pia. Hatumwambii mtu amuoe nani au aache kumuoa nani. Ndoa za jamaa ni jambo la mila na hiari ya wenyewe, na wengi waliooana binamu kwa binamu wamepata watoto wazima. Twasema tu kwamba jamaa wakijua kuwa katika damu yao mna ugonjwa wa urithi, waseme kabla ya harusi, wakamwone daktari, wapate shauri. Mficha maradhi kifo humuumbua. Mtoto mwenye viganja vigumu asifichwe ndani kwa aibu, asicheke mtu skulini kwa kumshika mkono, wala mwalimu wa chuo asimdhanie kuwa ana ukoma. Na aendapo hospitali, mzazi amwambie daktari habari zote za ukoo, hata zile ambazo nyumbani husemwa kwa kunong'ona.

Mkunga, muuguzi wa kliniki, mwalimu wa chuo, mwalimu wa skuli: wote hao huishika mikono ya watoto wetu kila siku. Kati yao na kaburi la mapema pana kitendo kidogo tu, nacho ni kukigeuza kiganja na kukitazama. Nahodha mwema hutazama mbingu kabla ya kung'oa nanga. Kwa watoto ambao bado hawajui hata jina la bahari, kazi hiyo ya kutazama ni yetu sisi watu wazima, na tuianze sasa.